Ukungu Upi kwa Picha ya Ndege? Ulinganisho wa Njia Nne kwa Wapigapicha wa Arusha na Moshi

Mpigapicha anayeishi Arusha au Moshi hapungukiwi ndege wa kupiga. Heroe wapo katika maziwa ya Momella, mdiria huvizia samaki kandokando ya Ziwa Duluti pale Tengeru, na hondohondo wakubwa weusi hupita juu ya mapaa ya nyumba wakielekea kwenye mikuyu iliyoiva. Kinachompungukia mara nyingi ni lenzi. Lenzi ya milimita 600 yenye f/4, yaani milimita hizo zikigawanywa kwa 4, ina tundu lenye upana wa milimita 150, ilhali ile ya milimita 300 inayoishia f/5.6, ambayo wengi wetu ndiyo tunayoimudu, ina tundu la milimita 54 hivi. Upana huo, pamoja na umbali uliopo kati ya mpigaji, ndege na vitu vilivyo nyuma yake, ndio unaoamua ni kwa kiasi gani mandharinyuma yatayeyuka. Kwa lenzi ndogo, matawi yaliyo nyuma ya ndege hutoka makali karibu sawa na manyoya yake, na jicho la mtazamaji hukosa pa kutua.

Hapo ndipo wengi hugeukia ukungu wa kompyuta au wa simu, na hapo pia ndipo wanapokwama, kwa kuwa programu haina ukungu mmoja bali ina orodha ndefu. Makala haya yanalinganisha njia nne zinazotumika zaidi katika picha za ndege: ukungu wa Gauss, ukungu wa lenzi, ukungu wa mwendo, na ukungu wa kuvuta unaotawanyika kutoka kituo kimoja.

Vigezo vya kulinganisha

Kabla ya vigezo vyenyewe, kuna jambo moja ninaloliamini na ambalo limeongoza ulinganisho huu wote. Ukungu wowote katika picha hudai jambo fulani kuhusu mahali ilipopigwa. Ukungu wa lenzi hudai kwamba kitu kilikuwa mbali, na ukungu wa mwendo hudai kwamba kitu kilikuwa kikienda kwa kasi. Dai hilo likilingana na hali iliyokuwapo, picha husimama hata kama ukungu umeongezwa baadaye. Lisipolingana, mtazamaji huhisi kasoro hata kama hawezi kuitaja. Ubunifu katika kazi hii, kwa maoni yangu, ni kuukuza umbali au mwendo uliokuwapo kweli.

Kwa hiyo kila njia itapimwa kwa mambo manne. La kwanza ni namna inavyotendea mwanga na rangi, hasa nukta zinazong'aa. La pili ni hali ya kingo za ndege, kwa maana manyoya membamba, kidomo na miguu ndivyo huumbua kazi mbaya. La tatu ni kazi na vifaa vinavyohitajika, likiwamo swali la kama simu inatosha. La nne ni nani anayefaa kuitumia na kwa picha ya namna gani.

Ukungu wa Gauss

Mwanga na rangi. Kichujio hiki kimepewa jina la mwanahisabati Mjerumani Carl Friedrich Gauss (1777–1855), kwa kuwa hesabu yake hufuata ule mchoro wenye umbo la kengele: kila pikseli hupewa wastani wa majirani zake, na walio karibu huhesabiwa kwa uzito zaidi kuliko walio mbali. Matokeo ni laini mno. Ukuta wa majani ya msitu wa Meru hugeuka kuwa kijani pana kisicho na umbo, na hilo linaweza kupendeza sana. Udhaifu wake huonekana pale penye nukta za mwanga. Mmeto wa jua juu ya maji ya Momella ulikuwa mkali kuliko kamera ilivyoweza kuandika, kwa hiyo katika faili la kawaida uliishia kwenye 255, kiwango cha juu kabisa. Wastani ukishachukuliwa pamoja na maji meusi yanayouzunguka, mmeto huo hufifia na kuwa doa la kijivu. Lenzi halisi isingefanya hivyo.

Kingo za ndege. Hapa ndipo penye mtego mkubwa, na inafaa tukae kidogo, kwa sababu ukungu wa lenzi nao unauhusu. Mtu akimchagua ndege, akageuza uchaguzi na kutia ukungu kila kilichobaki, rangi ya ndege humwagika kwenye mandharinyuma. Kwenzi mwenye tumbo la rangi ya chungwa huzungukwa na wingu hafifu la chungwa, na heroe hupata mzuka wa waridi mgongoni. Dawa yake ni kutengeneza nakala ya picha kwenye tabaka jingine, kumfuta ndege kabisa katika tabaka la chini kwa kuziba nafasi yake na majani au maji ya jirani, kutia ukungu tabaka hilo ambalo sasa halina ndege, kisha kumrudisha ndege mkali juu yake kwa kutumia maski, yaani pazia linaloamua sehemu gani ya tabaka ionekane na ipi ifichwe. Kuziba huko si lazima kuwe kwa ustadi, kwa kuwa sehemu kubwa itafunikwa na ukungu pamoja na ndege mwenyewe.

Baada ya hapo maski yenyewe ikaguliwe kwa ukubwa wa asilimia 100 au 200. Ukingo wake ulainishwe kwa pikseli moja au mbili tu, maana ukingo mkali kabisa humfanya ndege aonekane amekatwa kwa mkasi na kubandikwa. Mianya midogo ndiyo husahaulika: pembetatu iliyo kati ya miguu miwili, nafasi iliyo kati ya kidomo cha hondohondo na tunda alilolishika, uwazi ulio chini ya mkia panapoishia tawi. Mwanya mmoja ulioachwa ukiwa mkali huku kila kitu kinachouzunguka kikiwa laini unatosha kuiharibu picha nzima.

Kazi na vifaa. Kichujio hiki kipo karibu kila mahali, kuanzia Photoshop hadi GIMP ambayo hupatikana bila malipo, na hata kompyuta ya zamani hukimaliza kwa sekunde chache. Kina kitelezi kimoja tu, cha nusu-kipenyo kwa pikseli. Tatizo la ziada ni kwamba mandharinyuma huwa safi kupita kiasi, wakati ndege amebaki na chembechembe za ISO ya juu, yaani za kamera iliyoongezwa wepesi wa kuona mwanga. Chembe kidogo ziongezwe juu ya ukungu hadi sehemu hizo mbili zifanane. Chembe hizo husaidia pia kuondoa michirizi ya ngazi ambayo hujitokeza kwenye anga laini, hasa kwa anayefanya kazi katika biti 8, zenye ngazi chache za rangi, badala ya 16.

Unamfaa nani. Unamfaa anayeanza, anayetumia kompyuta dhaifu, na mwenye picha ambayo mandharinyuma yake hayana nukta za mwanga: ndege mbele ya ukuta wa majani yenye kivuli, au mbele ya anga la mawingu.

Ukungu wa lenzi

Mwanga na rangi. Kichujio hiki huiga umbo la tundu la lenzi. Kila nukta yenye mwanga hutandazwa kuwa kisahani kamili, cha duara au cha pembe kadhaa kulingana na idadi ya bapa za tundu uliyochagua, na mwangaza wake huweza kuongezwa ili usififie. Mdiria aliyekaa juu ya tete la Duluti, huku jua likipenya kati ya majani nyuma yake, hupata visahani vya kijani na dhahabu ambavyo ukungu wa Gauss hauwezi kuvitoa. Hata hivyo, kiasi ni muhimu. Mng'ao ukizidishwa, kila jani lenye unyevu hugeuka taa, na macho ya mtazamaji humwacha ndege na kuanza kuhesabu visahani.

Kingo za ndege. Mtego wa rangi kumwagika upo palepale, na dawa yake ni ileile. Kinachoongezeka ni ramani ya kina: picha ya kijivu inayoiambia programu sehemu gani iko karibu na sehemu gani iko mbali. Katika Photoshop ramani hiyo huchorwa kwa mkono kama maski yenye mteremko kutoka nyeupe hadi nyeusi. Lightroom, tangu ilipopata zana yake ya ukungu wa lenzi mwaka 2023, huikisia yenyewe kutokana na picha, kisha humruhusu mtumiaji kuisahihisha kwa brashi.

Ubora wa ramani hii ndio unaotenganisha kazi nzuri na mbaya, hasa kwa ndege wa ardhini. Chukua kipozamataza wa Beesley, ndege mdogo wa nyanda kame zilizo kaskazini mwa Arusha kuelekea Namanga. Anasimama ardhini, kwa hiyo mawe na nyasi zilizo sambamba na miguu yake, kushoto na kulia hadi ukingoni mwa picha, ziko umbali uleule na hazina budi kubaki kali. Ukungu uanze kidogo sana mbele na nyuma ya ukanda huo, uongezeke taratibu, na uwe mwingi kabisa pale ardhi inapokutana na upeo. Anayemchora ndege peke yake na kutia ukungu wa kiasi kimoja kila mahali pengine humfanya aelee hewani.

Heroe ndani ya maji wana kanuni yao, na wengi huikosea. Taswira ya ndege kwenye maji, kwa jinsi mwanga unavyosafiri, iko karibu umbali uleule na ndege mwenyewe ukipima kutoka kwenye kamera. Ikiwa ndege ni mkali na maji yametulia, taswira yake nayo ibaki karibu na ukali huohuo, isipokuwa pale mawimbi madogo yanapoivunja. Kinachopaswa kulainika ni vitu vilivyo juu ya uso wa maji mbele yake, kama manyoya yaliyoanguka na povu, pamoja na ufuko wa upande wa pili.

Tawi alilokalia ndege nalo litazamwe kwa makini. Sehemu iliyo chini ya kucha iachwe kali, na lile linalokimbilia nyuma lilainike kadiri linavyoondoka. Tawi kali kutoka mwanzo hadi mwisho mbele ya msitu ulioyeyuka ni alama ya haraka.

Kazi na vifaa. Njia hii inadai muda na subira kuliko nyingine zote, na pia kompyuta yenye nguvu kiasi, kwa kuwa hesabu zake ni nzito. Kwenye simu, Snapseed ina zana ya ukungu wa lenzi inayotumia umbo la duara au mstari lenye ukanda wa mpito unaorekebishwa. Haimfuati ndege kwa umbo lake, kwa hiyo hufaa pale ndege anapokaa vizuri ndani ya duara, lakini humla mkia yule mwenye mkia mrefu. Shore mkia-mrefu na chozi dume hutoka vibaya humo.

Unamfaa nani. Unamfaa mwenye lenzi ya kawaida anayetaka picha ya ndege aliyetulia ionekane kama iliyopigwa kwa lenzi kubwa, na aliye tayari kukaa na picha moja jioni nzima.

Ukungu wa mwendo

Mwanga na rangi. Njia hii huburuta pikseli kwenye mstari mmoja, kwa pembe na umbali unaochaguliwa. Rangi hugeuka michirizi, na mwanga hugeuka nyuzi. Kwa ndege wa kaskazini mwa Tanzania, mfano ninaoupenda ni shorobo wa Hartlaub. Akiwa ametulia mtini ni kijani na buluu, na wekundu wa mbawa zake hauonekani sana. Anaporuka ndipo unapowaka. Wekundu huo hutokana na rangi asilia iitwayo turasini, ambayo ina shaba ndani yake. Picha ya shorobo akivuka uwazi wa msitu, ikipewa ukungu wa mwendo kwenye majani ya nyuma na kidogo kwenye ncha za mbawa, huutunza wekundu huo kama mkupuo mmoja wa brashi.

Kingo za ndege. Katika picha iliyopigwa kwa kumfuata ndege na kamera, tuseme kwa shata iliyo wazi kwa 1/30 ya sekunde, kichwa hubaki na ukali kiasi, mwili hulainika, na mbawa huchora tao. Kompyuta haijui hayo. Yenyewe huburuta kila kitu kwa mstari mnyoofu. Kwa hiyo jicho, kidomo na shingo zilindwe kwa maski, na ukungu ufifie polepole kuelekea mkiani. Zana ya ukungu wa kufuata njia, iliyoingia Photoshop mwaka 2014, humruhusu mtu kuchora tao la bawa na kuupindisha ukungu kulifuata, jambo ambalo kichujio cha kawaida hakiwezi. Pembe nayo haina msamaha. Ndege akiwa anapanda kwa nyuzi 20 huku michirizi ya nyuma ikiwa imelala mlalo, picha hujikana yenyewe.

Kazi na vifaa. Kichujio chenyewe ni chepesi na kipo katika GIMP pia. Kazi iko kwenye maski. Habari njema ni kwamba makosa madogo ya ukingo husitiriwa na michirizi, tofauti na ukungu wa lenzi unaofichua kila kitu.

Unamfaa nani. Unamfaa mwenye picha za kuruka: makundi ya heroe yakiinuka, hondohondo akivuka bonde, mwewe akishuka sokoni kuchukua mabaki. Haumfai ndege aliyekaa, hata mandharinyuma yake yawe mabaya kiasi gani.

Ukungu wa kuvuta

Mwanga na rangi. Hapa pikseli hutawanyika kutoka kituo kimoja kwenda nje, kana kwamba lenzi ilivutwa wakati shata iko wazi. Mwanga hugeuka miale inayokimbilia kingo za picha.

Kingo za ndege. Kituo kiwekwe kwenye jicho, na uso ulindwe kwa maski. Ndege anayekuja usoni kwa mpigaji huupokea vizuri; aliyegeuka ubavu huraruka.

Kazi na vifaa. Ni kazi ya dakika chache katika Photoshop au GIMP. Katika Photoshop ubora wa juu huchukua muda zaidi, hivyo inafaa kujaribu kwa ubora wa chini kwanza.

Unamfaa nani. Unafaa kwa bango, kalenda au jalada, na kwa tai au bundi anayekutazama moja kwa moja. Ni kiungo kikali. Picha mbili za namna hiyo katika mkusanyiko mmoja zinatosha.

Kuchagua kwa hali uliyonayo

Kama ndege ametulia na nyuma yake kuna majani ya kivuli yasiyo na nukta za mwanga, anza na Gauss. Huenda usione sababu ya kwenda mbali zaidi. Kama nyuma yake kuna maji yanayometa au jua linalopenya matawini, Gauss atakuvunja moyo, na muda utakaoutumia kwenye ukungu wa lenzi utaonekana. Kwa chozi wa juu kabisa ya Kilimanjaro aliyekaa kwenye lobelia kubwa, ambako anga ni tupu na mmea wenyewe ni sehemu ya habari, ukungu mdogo sana wa lenzi kwenye mimea ya mbali unatosha. Lobelia aliyoikalia isiguswe.

Kama ndege anaruka, chagua mwendo, lakini kwanza itazame faili yako uone kama mbawa zimeganda kabisa kwa shata ya haraka. Mbawa zilizoganda hukubali michirizi ya nyuma, ila zinahitaji ukungu wao mdogo kwenye ncha. Kama picha ina makundi ya ndege kwa umbali tofauti, unaweza kuchanganya: lenzi kwa walio mbali, mwendo kwa mandharinyuma, na mmoja tu aachwe mkali.

Kama kifaa chako ni simu peke yake, panga picha kwa kuizingatia zana wakati bado uko porini. Mweke ndege mahali ambapo duara linaweza kumfunika mzima, na acha nafasi kuzunguka mkia wake.

Kama picha inakwenda kwenye mashindano, soma masharti kabla ya kugusa kitelezi chochote. Mashindano makubwa ya picha za wanyamapori, kama yale ya Natural History Museum ya London, hudai faili ghafi (RAW), yaani lile ambalo kamera iliandika kabla ya kuhaririwa, ili kulinganisha na picha iliyowasilishwa, na ukungu uliotiwa baadaye unaweza kuiondoa picha ambayo ingeshinda kwa sifa zake zenyewe. Kama inakwenda kwa watu wanaokusanya kumbukumbu za ndege, mfano Tanzania Bird Atlas, ipeleke bila ukungu wowote: kwa yule kipozamataza, mawe na nyasi fupi za nyuma ni sehemu ya ushahidi wa mahali anapoishi. Toleo la ubunifu litunzwe katika faili tofauti, na kwa anayeuza picha kwa watalii ni haki mnunuzi aelezwe kuwa mandharinyuma yamefanyiwa kazi.

Kwa matumizi yote, kiasi cha ukungu kipimwe kwa ukubwa ambao picha itatazamwa. Nusu-kipenyo cha pikseli 20 kwenye picha yenye upana wa pikseli 6000 hubaki chini ya pikseli 4 ikipunguzwa hadi 1080 kwa ajili ya simu. Kinachoonekana kizito kwenye kompyuta yako huenda kisionekane kabisa mkononi mwa mtazamaji, na kinachopendeza kwenye simu huenda kikawa kidogo mno kwenye karatasi ya A3. Anayechapisha na atoe kwanza kipande cha majaribio chenye kichwa cha ndege na sehemu ya mandharinyuma, akitazame kwa mwanga wa mchana, kisha ndipo aagize picha nzima.